Hawisa Hakuolewa Mara ya Tatu

Huku kwetu kwenye nchi ya vinamasi, upande wa Lincoln, mwanamke mwenye ardhi hakai eda, hukaa sokoni. Mumewe hajapoa kaburini, wanaume wameshaanza kuyapima mashamba yake kwa macho. Hawisa wa Aldermere alilijua hilo kuliko wengi, maana alikuwa ameshauzwa mara mbili, na bei yake, badala ya kushuka, ilikuwa imepanda.

Mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, akamwoza binti yake wa pekee kwa Gervas, askari wa farasi mwenye mvi kifuani na meno ya kuhesabu. Gervas hakuwa mpigaji, tuseme ukweli. Kazi yake ilikuwa kufunga. Alifunga ghala, alifunga sanduku la mishumaa, alifunga hata chumvi. Hawisa akitaka chumvi kidogo ya kutia kwenye nyama ya nguruwe aliyetoka katika zizi la baba yake mwenyewe, ilibidi aombe, na Gervas alipenda sana kuombwa. Walizika watoto wawili kabla hawajatembea. Kisha Gervas akafa kwa kuanguka kutoka juu ya farasi aliyekuwa amesimama, akiwa amelewa, na watu wa Aldermere wakafanya kazi kubwa ya kutocheka kanisani.

Mume wa pili, Roald, alichaguliwa na bwana wa nchi yote ile, Warin de Brakele. Hawisa aliishikilia ardhi yake chini ya Warin, kwa hiyo hakuweza kuolewa bila ruhusa yake. Roald alikuwa mtu mwema. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, alimkanda miguu alipougua homa, na alipokufa kwa tumbo Hawisa alimlilia machozi ya kweli. Lakini Roald huyo huyo, pamoja na mapenzi yake yote, aliuuza msitu wa mialoni ambao baba yake Hawisa alimwachia, bila kumwambia neno, kisha akamletea kitambaa chekundu kama zawadi. Hawisa alikishona gauni, akalivaa, akashukuru. Angefanya nini? Sheria ilisema ardhi ya mke ni ya kushikwa na mume, na mke naye vilevile.

Baada ya mazishi ya Roald, alizifunga funguo zote kiunoni kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea unamuuliza nani. Aligombana na wachungaji, akapatana nao, akachimbisha mtaro mpya wa kutolea maji malishoni. Alitia chumvi katika kila kitu. Mtumishi wake Tibota, aliyekuwa naye tangu harusi ile ya kwanza na asiyeogopa mtu, alisema mchuzi wa njegere wa nyumba ile ulikuwa haunyweki tena.

Kisha kulikuwa na Hamo. Huyu alikuwa jirani, mjane mwenzake kwa kufiwa na mke, mwenye kondoo wengi na ardhi ya kubana. Alianza kuja Aldermere kutazama kondoo wa Hawisa waliooza kwato. Kwato zikapona. Hamo akaendelea kuja.

"Bibi," Tibota alimwambia siku moja wakichambua sufu uani, "huyu Hamo anatibu nini siku hizi? Kondoo wenyewe wanamshangaa."

"Chambua sufu, Tibota."

"Nachambua. Nasema tu, ana miguu mizuri kwa mtu wa makamo."

"Hebu tia ulimi puani."

"Ukimtaka, unamsubiria nini? Mshike mkono hapa hapa, mimi nikiwa shahidi. Useme nakuchukua kuwa mume wangu, aseme nakuchukua kuwa mke wangu, kwisha. Hiyo ni ndoa tosha, kanisa lenyewe linakubali. Bwana Warin atafura mpaka apasuke, lakini hataweza kuitengua."

Hawisa aliendelea kuchambua. Alikuwa ameliwaza jambo hilo usiku na mchana, hakuhitaji kufundishwa. "Na nikishasema hayo maneno," akauliza, "ghala hili litakuwa la nani?"

"La kwake. Lakini Hamo si Gervas. Ukimwomba atakupa."

"Nikimwomba," Hawisa alisema. "Basi ngoja kwanza, Tibota."

Alipongoja, wenzake hawakungoja. Hamo, kwa uungwana wake wa kijinga, alikwenda kwa Warin kuomba ruhusa ya kumwoa. Warin alicheka hadi akakohoa, akamwambia arudi kwa kondoo wake. Wiki iliyofuata watu wenye farasi walifika Aldermere kumsindikiza Hawisa ngomeni "kwa usalama wake." Waliinamisha vichwa kwa adabu, wakamshika mikono kwa nguvu, wakampandisha farasi. Tibota alipanda mwenyewe bila kualikwa, akimtukana kila mmoja wao kwa jina la mama yake.

Warin alimpokea ukumbini akiwa na mpwa wake, Odinel. Huyo Odinel alikuwa na umri wa kuwa babu, tumbo lililomtangulia na upanga uliomfuata nyuma, na alikuwa ameshazika wake wawili.

"Hawisa, mwanangu," Warin alianza, "mwanamke wa peke yake ni zizi lisilo na mlango."

"Mlango nilikuwa nao, Bwana. Watu wako ndio waliouvunja."

"Odinel atakutunza."

"Sijaugua."

Odinel akacheka kwa wema, maana alijiona mwema. "Ah, mwanzo ni mgumu, Bibi. Utanizoea."

"Wake zako waliotangulia walikuzoea?"

"Maskini, walikufa."

"Ndiyo nasema."

Uso wa Warin ulibadilika. Aliweka kikombe chini. "Nisikilize vizuri. Padri hawezi kufungisha ndoa bila neno lako, hilo najua. Basi kataa. Kataa leo, kataa kesho. Utakaa katika chumba cha juu mpaka siku utakapochoka kukataa, na huko Aldermere msimamizi wangu ndiye atakayekata sufu yako. Ukitoka humu hujaolewa, nitakuleta tena. Mimi sina haraka."

Hapo Hawisa aliliona jambo lote kwa uwazi. Kukataa kulikuwa haki yake, lakini hakukuwa na mwisho. Akimshinda Odinel, atakuja mwingine, kisha mwingine, madhali yeye ni mjane, ana ardhi na anaweza kuolewa. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema. Wahenga hawakusema umpishe hadi lini.

Alikaa chumba cha juu majira yote ya kukata sufu. Kila Jumapili aliulizwa, kila Jumapili akasema hapana. Akisikia kondoo wakilia mbali alijua ni wakati wa kuwapeleka malisho ya bondeni, na alijua hakuna anayewapeleka, akajipiga mapaja kwa hasira.

Mke wa Warin, Bibi Ermengard, ndiye aliyekuja kumlainisha. Alikuja na kazi yake ya kushona, akaketi dirishani, mama mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Sote tulilia, ndugu yangu," alisema. "Mimi nililia toka nyumbani kwetu mpaka daraja la ngome hii. Mama yangu aliniambia, lia njiani, ukifika pangusa uso. Nikapangusa."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza." Alikata uzi kwa meno. "Hata nikasahau nilichokuwa nikikililia. Na wewe utasahau. Tena yako itakuwa harusi ya fahari, si kama yangu. Ukikubali tu, Warin analeta askofu."

Hawisa aliinua kichwa. "Askofu mwenyewe? Mwenye fimbo na kofia?"

"Mwenyewe. Jirani yetu wa mtoni alimwoza binti yake mbele ya abati wa monasteri, na tangu siku ile Warin halali usingizi. Lazima amshinde. Ameshatuma mtu kumwalika, hata kabla hujakubali."

Hawisa aliuliza habari za vyakula, akauliza habari za wageni, ili swali lile la kwanza lipotee katikati. Ermengard alipotoka, Tibota alimtazama bibi yake usoni, akafunga mlango kwa mgongo.

"Umewaza nini?"

"Unamkumbuka shangazi yangu Sabina?"

"Yule mkali? Aliyefukuza wapangaji kwa fagio mpaka uzeeni?"

"Alifiwa na mume akiwa kijana kuliko mimi. Hakuolewa tena, wala hakuingia utawa. Alikaa nyumbani kwake, juu ya ardhi yake, akila na kunywa, na hakuna bwana aliyethubutu kubisha hodi. Kwa nini?"

Tibota aliijua desturi ile kama kila mtu. Mjane akipiga magoti mbele ya askofu akaapa kwamba hatakuwa na mwanamume tena hadi kufa, askofu humvika joho na pete, na tangu hapo ni mali ya Mungu. Anayemwoa kwa nguvu amelaaniwa na kutengwa na kanisa, hata awe bwana wa nchi. Kiapo hicho hakiapwi kwa padri wa kijijini wala kwa abati. Ni askofu tu, na mjane aliyefungiwa chumbani atampata wapi askofu?

"Mwenyewe anakuletea," Tibota alisema polepole. "Mpaka mlangoni. Tena na nyama ya kuchoma juu."

Walicheka, wakazibana midomo wasisikike nje. Kisha Tibota aliacha kucheka. "Na Hamo je?"

Hawisa alikwenda dirishani akasimama pale kwa muda mrefu. Kiapo hakikuwa na nafasi ya Hamo. Akijifunga, amewafungia mlango Odinel na wanaume wote wa dunia, mwema na mbaya. Alimfikiria Hamo alivyokuwa akipiga magoti kwenye matope kumshika kondoo kwato, na alivyocheka yeye mwenyewe akichekwa. Alilia, akaona aibu, akaendelea kulia. Alipomaliza alikuwa amekata shauri.

Jumapili ile hakusema hapana. Alisema apelekwe kanisani. Warin hakuuliza zaidi. Mwanamume aliyezoea kushinda haulizi kwa nini ameshinda.

Siku ya harusi watu walijaa kiwanja cha kanisa mpaka juu ya makaburi. Huku kwetu ndoa hufungwa nje, mlangoni mwa kanisa, ili kila mtu asikie kilichoahidiwa, na ndani huingiwa baadaye kwa misa. Askofu alisimama kizingitini, mzee mnene mwenye magoti mabovu, aliyesafiri tangu alfajiri na kunusa harufu ya jikoni njiani. Pete ya Odinel ililala juu ya kitabu, askofu akaibariki. Hamo alikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, amevua kofia kama aliye msibani.

Kwanza bwana harusi alitakiwa ataje mbele za watu ardhi atakayomwachia mke wake akifa. Odinel alikohoa, akataja malisho ya bondeni na kinu cha Aldermere.

"Hayo si ya kwake bibi mwenyewe?" sauti ya mwanamke ilitoka katikati ya watu. "Unamhonga mtu kuku wake?"

Kicheko kikaenea. Warin aligeuza shingo kumtafuta msemaji. Tibota alikuwa anatazama mawinguni.

"Na wewe, mwanangu," askofu aliharakisha, "unamkubali mwanamume huyu?"

Hawisa alipita mbele ya Odinel akapiga magoti juu ya jiwe la kizingiti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliunganisha viganja vyake, akavipenyeza kati ya mikono ya yule mzee kabla hajajua kinachotendeka, akasema kwa sauti ya kuitia wachungaji ng'ambo ya mtaro:

"Simkubali. Mimi Hawisa, mjane wa Roald, nisiye na mume, mbele yako baba askofu na mbele ya watu wote hawa, namwapia Mungu kwamba tangu leo mpaka nizikwe sitakuwa na mume wala mwanamume. Nipokee, na unipe joho na pete."

Mbwa wa Warin walisikika wakijikuna.

"Hila," Warin alisema, akisogea mbele. "Hii ni hila, baba. Mwinue huyo."

Askofu hakumwachia mikono. Alimtazama Hawisa, akamtazama Warin, akawatazama wale askari wawili waliokuwa wamesimama karibu mno na bibi harusi. Alikuwa mzee, alikuwa na njaa, lakini hakuwa mjinga. "Mwanangu, akili yako iko timamu?"

"Haijawahi kuwa timamu hivi."

"Kuna aliyekulazimisha?"

"Kwa hiki nilichosema, hapana. Kwa ndoa ile, waulize hawa wenye mapanga."

"Uliitwa kuozesha," Warin alisema. "Nimekuita mimi."

"Uliniita wewe," askofu alikubali. "Ungemwita padri wako, hili lisingetokea. Mjane akimjia askofu kwa kiapo hiki mbele ya watu mia, unataka nimfukuze? Nikajibu nini mimi huko niendako? Na pete hii nimeshaibariki, siwezi kuibarikua." Aliichukua juu ya kitabu. Odinel akanyoosha mkono kama anayetaka kusema kitu kuhusu bei yake, kisha akaurudisha. Askofu akamvika Hawisa. "Joho liko wapi?"

Joho halikuwapo. Hilo Hawisa hakuliwaza; alikuwa ndani ya gauni la harusi walilompa, la kijani, wazi mabegani. Tibota akaanza kuvua kijitambaa chake kilichotoboka. Lakini aliyetangulia alikuwa Bibi Ermengard. Alitoka ubavuni mwa mumewe, akafungua bizimu shingoni, akalivua joho lake jeusi lenye manyoya ndani, akampa askofu. Warin alimwita kwa jina lake, mara moja. Ermengard hakugeuka. Akarudi mahali pake akasimama, mabega wazi kwenye upepo, uso haujapanguswa.

Askofu alimfunika Hawisa joho, akamwinua, akauliza kama chakula bado kipo.

Usidhani Warin alisahau. Alizuia kondoo wa Aldermere kupita njia yake ya kwenda sokoni, akageuza mkondo wa maji kinu kikakauka majira mazima ya joto. Hawisa alizungusha kondoo kwa njia ndefu ya vinamasi, akasaga nafaka kwa mawe ya mkono, yeye na Tibota, mpaka malengelenge yakawatoka. Alipokutana na Warin kanisani alimwamkia kwa heshima zote. Hakuna kilichomuudhi zaidi.

Hamo hakuonekana mwaka mzima. Kisha siku moja ya upepo wa baridi alitokea uani, kofia mkononi, akasimama pale pale alipokuwa akisimama zamani. Tibota alikumbuka ghafla kwamba ana kazi zizini.

"Ungeniambia," Hamo alisema.

"Ningekuambia nini? Ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo." Alizungusha kofia. "Hawisa, wanasema viapo vingine hufunguliwa. Mtu akienda mpaka kwa Baba Mtakatifu, akieleza kwamba alikuwa ameshurutishwa. Mimi niko tayari kwenda. Kwa miguu."

"Najua uko tayari."

"Basi niende?"

"Ukinifungua kwa ajili yako, umenifungua kwa ajili ya Warin na mpwa wake. Kesho yake wako hapa na farasi."

"Tutakuwa tumeshaoana. Maneno mawili, Tibota shahidi." Alisogea hatua moja. "Au huniamini? Mimi si Gervas. Huwezi kusema mimi ni Gervas."

"Wewe ni Roald," Hawisa alisema. "Mwema kama Roald, na pengine zaidi. Na Roald aliuuza msitu wa baba yangu nikasema asante. Usiku ule nililala kando yake nikamchukia, Hamo, na asubuhi akaamka akaniimbia, nami nikazidi kumchukia, na hakujua mpaka anakufa. Kosa halikuwa lake. Alipewa tu, akapokea, kama utakavyopewa wewe."

Hamo aliacha kuizungusha kofia. Upepo ulikuwa unalipeperusha joho jeusi, na Hawisa alilishika kifuani kwa mkono wenye pete.

"Kwa hiyo hukunipenda," Hamo alisema.

"Nilikupenda. Nakupenda sasa hivi, umesimama hapo na pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Wale wawili nilipewa, sikuwa na la kufanya nikawachukia. Wewe peke yako nilikuwa na uwezo wa kukuepusha na chuki yangu."